Siku Karakana Ilipotoka Saa Tisa

Kwa miaka kumi na tisa Germain ndiye aliyewatoa watu kazini. Alikaa kwenye kibanda cha langoni mwa karakana moja kubwa ya Panda, mjini Likasi, akiandika magari yanayoingia na yanayotoka, na mara nne kwa siku alivuta mnyororo wa king'ora: saa moja asubuhi watu waingie, saa sita watoke wakale, saa saba warudi, saa kumi waende zao nyumbani. Watu mia moja na themanini waliweka nyundo chini kwa sababu mkono wake umevuta. Katika kambi ya wafanyakazi nako wanawake waliteleka maji ya bukari, ugali wa kule, kwa king'ora chake, na waliokuwa na saa za ukutani walizirekebisha kwa hicho hicho. Hakuwahi kukosea hata dakika mbili. Jambo hilo hakulisema, lakini alilijua, na alipopita njiani na kofia yake ya kazi alitembea kama mtu anayelijua.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 1969. Migodi ilikuwa imeshakuwa mali ya Serikali, na wazee wengine bado waliuita mji Jadotville ulimi unapoteleza. Mvua zilikuwa zinakaribia kuisha, na kama kawaida zilikuwa zinaisha kwa hasira. Alhamisi hiyo, watu waliporudi tu kutoka kula, ngurumo ilipiga upande wa Koni, kwenye mitambo ya umeme, na umeme ukakatika. Mashine zikanyamaza. Mafundi wakakaa gizani juu ya masanduku yao, wakisikiliza mvua ikipiga mabati, na wengine wakalala.

Germain hakulala. Maji yaliingia kibandani kutoka chini ya mlango, na ilibidi apandishe vitabu vyake vyote juu ya meza, kisha akaanza kuyatoa kwa ndoo. Alichota, akamwaga, akachota, akamwaga. Taa ilipowaka tena, mgongo ulikuwa unamuuma na hakujua kama alikuwa amefanya kazi ile kwa dakika ishirini au kwa saa nzima. Saa ya ukutani ilikuwa ya umeme, nayo ilikuwa imesimama.

Wakati huohuo alipita injinia mpya, Monsieur Théodore, kijana aliyefika kwa ndege kutoka Kinshasa siku tatu zilizotangulia. Germain alimwomba saa. Injinia akatazama mkono wake chini ya mwavuli, akasema ni saa nane kasoro dakika ishirini, akaenda zake.

Basi Germain akafikiri. Kila aliyekuwa na redio alijua kwamba Kinshasa iko nyuma ya Katanga kwa saa moja. Sauti ya redio ikisema saa sita, huku ni saa saba. Huyu kijana ametoka kule juzi tu, saa yake ni ya kule. Akaona si adabu kumfuata mtu mkubwa kwenye mvua ili kumuuliza kama amesogeza mshale wake. Alijisogezea mwenyewe. Saa ya ukutani akaiweka saa tisa kasoro dakika ishirini. Lakini Monsieur Théodore, ambaye hakupenda kuchelewa, alikuwa ameisogeza saa yake tangu yuko ndani ya ndege.

Hivyo saa tisa kamili, wakati ukuta wa kibanda ulionyesha saa kumi, Germain alivuta mnyororo.

Mkuu wa karakana, Monsieur Mathieu, alikuwa amekwenda Lubumbashi mkutanoni. Aliyebaki na madaraka ni msimamizi wa mafundi, kapita Barthélemy, na kapita alikuwa na saa nzuri mkononi, aliyoitia ufunguo kila siku. Aliitazama. Ilisema saa tisa. Akasikiliza king'ora hadi mwisho, akatazama tena, akatikisa kichwa, kisha akausogeza mshale mbele kwa saa moja na kuwaambia watu wake wavae makoti. Mchana ulikuwa umekwenda gizani, nusu ya watu walikuwa wamesinzia, na mawingu yalifunika jua. Hakuna aliyeona ajabu.

Germain alimkabidhi mlinzi ufunguo akatoka pamoja na wengine. Mvua ilikuwa imekwisha na njia ilinuka udongo. Alipokuwa akikaribia foyer, nyumba ile ambamo wanawake wa kambi walijifunza kushona na kufuma, alishangaa kusikia sauti ndani. Siku zote akipita pale palikuwa pameshafungwa. Mke wake Albertine alikwenda pale kila siku baada ya kula, kwa ushonaji, na kila siku Germain aliporudi alimkuta tayari nyumbani, jikoni. Akasema moyoni leo watarudi pamoja. Akasogea dirishani.

Ndani hapakuwa na cherehani hata moja iliyofunguliwa. Wanawake tisa walikaa kwenye viti vya chini, na mbele yao, kando ya ubao mweusi, alisimama Albertine na karatasi mkononi. Mwalimu wao, Mama Eugénie, alikuwa ameketi pembeni, ameufunika mdomo kwa kiganja kama mtu anayejizuia kusaidia.

Albertine alikuwa anasoma.

Alisoma polepole, kidole kikitangulia. Neno refu lilipokuja alilikata vipande, akavionja kimoja kimoja, kisha akaliunganisha na kulisema zima. Germain aliitambua karatasi ile. Ilikuwa barua ya binti yao Martine, aliyeolewa Kapolowe, iliyofika wiki mbili nyuma. Yeye mwenyewe alikuwa amemsomea Albertine barua hiyo jioni baada ya kazi. Martine aliandika kurasa mbili. Germain, akiwa na njaa, alikuwa amesoma kwamba wote hawajambo, kwamba mihogo imeota vizuri, na kwamba mume anasalimu.

Sasa akasikia yale mengine. Martine alimwambia mama yake kwamba samaki akimkausha huweka chumvi kwanza kwenye mapezi, kama alivyofundishwa, na mama mkwe wake, ambaye mwanzo alicheka, siku hizi anafanya vilevile. Alimwambia kwamba anapotwanga huimba wimbo ule wa nyumbani, lakini ubeti wa tatu umempotea, na asubuhi nyingine husimama na mchi mkononi akiutafuta. Alisema, mama, nikiona mikono yangu ndani ya unga naona ya kwako.

Hapo kidole cha Albertine kilisimama, lakini si kwa sababu ya herufi. Wanawake walingoja. Akasoma jina la binti yake mwishoni, akakunja karatasi. Mama Eugénie akaanza kupiga makofi na wote wakafuata, na dirishani Germain akajikuta naye anapiga, kofia ikiwa imebanwa kwapani.

Wote wakageuka. Albertine alipomwona mumewe alificha barua nyuma ya mgongo.

Walirudi nyumbani pamoja, wakiruka madimbwi. Germain alitaka kukasirika kidogo, kwa kuwa alikuwa amefichwa jambo kwa miezi, lakini hasira haikuja. Kila alipoitafuta alikuta furaha imekaa mahali pake.

"Juu ya nini haukuniambia?" aliuliza mwishowe.

"Nilitaka nijue muzuri kwanza," Albertine alijibu. "Weye unasomaka mbio mbio, Baba Martine. Unarukaka maneno. Minye nilikuwa naona macho yako inashuka chini na kinywa haisemi kitu."

Germain alikiri kwamba ni kweli, aliruka, tena si barua hiyo tu. Albertine akasema anajua, kwa maana ameshazisoma zote upya, ile ya Krismasi imemchukua siku nne. Kisha akacheka, na kicheko chake kikamfanya Germain naye acheke katikati ya njia.

Kambi ilikuwa na sura ambayo hawakuizoea. Jua lilikuwa limetoka, na bado lilikuwa juu. Wanaume walifika kabla ya chakula, wake zao wakawaambia bukari bado, basi wakatoka nje kutafuta la kufanya. Isidore mchomeleaji alikuwa anamfundisha mkewe Hortense kuendesha baiskeli, akimkimbilia nyuma huku ameshika kiti, naye Hortense akimwambia aachie, asiachie, aachie. Uwanjani vijana wa karakana walicheza mpira dhidi ya waliooa, na waliooa walikuwa wanaongoza. Hata kapita Barthélemy alikuwa ameketi mlangoni pake miguu ndani ya karai la maji moto, akiwatazama wanawe.

Ndipo king'ora kilipolia.

Hakikuwa cha Germain. Kilikuwa cha kiwanda cha ng'ambo ya reli, nacho kila siku kilitoa watu wake saa kumi, pamoja na karakana. Mpira ukaachwa ukabingirika wenyewe. Hortense akaweka mguu chini. Watu walitazamana, wakatazama jua, na mmoja baada ya mwingine wakamtazama Germain.

Germain akageuka upande wa karakana. Alielewa yote kwa mara moja: injinia, mwavuli, saa ile aliyoiongeza kwa adabu. Miaka kumi na tisa, akafikiri. Karibu na bomba la maji mtu alianza kucheka, akafuatwa na mwingine, kisha uwanja mzima. Isidore akauliza kwa sauti kama kesho pia itakuwa hivi. Kapita Barthélemy hakucheka. Alitoa miguu kwenye karai, akaishika saa yake, akaurudisha mshale nyuma taratibu kama mtu anayeomba radhi.

Germain alisema anakwenda kumngoja mkuu afike kutoka Lubumbashi, amwambie mwenyewe kabla hajaambiwa. Albertine akamwambia wataenda wote wawili. Akanawa uso, akabadilisha kitambaa, wakaenda.

Monsieur Mathieu alishuka kwenye gari akiwa na vumbi mabegani. Alisikiliza akiwa amesimama. Germain alieleza toka mvua hadi king'ora cha ng'ambo ya reli, bila kuacha kitu. Alipomtaja injinia alisema tu kwamba injinia alimpa saa ya kweli.

"Ni minye njo nilikosa, chef," alimaliza. "Hakuna muntu mwingine."

Mkuu akauliza kama katika miaka yote hiyo amewahi kuvuta mnyororo kabla ya wakati. Germain akasema hapana. Akauliza kama amewahi kuchelewa. Hapana pia. Monsieur Mathieu akajipapasa mfukoni, akatoa saa yake, akaitazama kwa namna ya ajabu, na midomo yake ikaanza kutetemeka. Alikuwa mtu mkali. Watu wa karakana hawakuwahi kumwona akicheka, na hata siku hiyo alijitahidi sana.

"Tena wote walitoka?" aliuliza. "Na Barthélemy?"

"Wote, chef."

Uamuzi wake ulikuwa mwepesi. Saa iliyopotea itarudishwa Jumamosi, siku ya posho kama wanavyoiita kule, siku ambayo kazi huisha saa sita. Safari hii itaisha saa saba. Hakuna atakayeandikwa kosa. Na kibandani patawekwa saa ya kutia ufunguo, isiyojali ngurumo. Kesho yake Monsieur Théodore naye alikuja kibandani, akasema angepaswa kueleza saa yake ni ya wapi, na wakapeana mikono.

Ijumaa tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa langoni. Wanawake waliokuwa wanapita kwenda sokoni walisimama kuuliza limeandikwa nini, na Germain alikuwa ameshafungua kinywa pale Albertine alipoweka kapu lake chini. Alilisoma lote, kidole kikigusa ubao, hata jina la mkuu. Wale wanawake walimsikiliza bila kumkatiza. Mmoja wao, Mathilde, mke wa dereva, alimuuliza kwa sauti ndogo foyer inaanza saa ngapi.

Kwa kuwa sasa kila mwanamke alijua saa hasa, Jumamosi walikuja wenyewe langoni. Germain alipovuta mnyororo saa saba kamili, kapita akiwa amesimama karibu naye kwa ushahidi, mafundi walikuta wake zao wamekaa ukutani na masufuria yamefungwa kwa vitambaa. Bukari ililiwa pale pale chini, na samaki, na majani ya mihogo. Mtu alileta gitaa. Hortense alifika wa mwisho, juu ya baiskeli, peke yake, Isidore akipiga kelele kuliko wote.

Germain na Albertine waliondoka kabla ya wengine. Albertine alitaka daftari la kumwandikia Martine, ubeti wa tatu kwanza, kabla haujampotea yeye pia. Walitembea hadi duka la Mgiriki na kukuta mlango umefungwa, na kibao kimetundikwa. Albertine alikisogelea, akalikata neno vipande viwili, akaliunganisha, halafu akamgeukia mumewe akiwa amekunja uso, kwa sababu halikuwa Kiswahili.

"Fer-mé," alisema. "Ni nini?"

"Wamefunga," Germain alisema. "Hawa nao walimaliza kazi."

Akamwonyesha chini ya neno mahali palipoandikwa saa za kufungua Jumatatu. Hizo Albertine alizisoma bila msaada. Kisha akamshika mkono, wakashika njia ya kwenda nyumbani, na njiani akamwimbia ule ubeti.