Kibao cha AMAHATU

Shemeji alikuja kukaa wiki mbili, akakaa miaka minne. Fundi cherehani, mke wa kaka yake, alimwambia kwa upole, kisha kwa mafumbo, kisha waziwazi. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Mumewe naye kila akiguswa husema, "Ndugu hatupwi, mke wangu."

Gari la shemeji ndilo lililokuwa likiziba geti, kwa hiyo kila asubuhi yeye hutangulia, fundi akamfuata nyuma mpaka mjini.

Siku moja fundi alikuwa akimpima mteja fulana yenye maandishi kifuani. Akatupa jicho kwenye kioo, akaona maneno yamegeuka. Ila herufi nyingine, kama A, M na T, zilibaki vilevile. Akacheka peke yake mpaka mteja akajikagua vifungo vya suruali.

Kesho yake alikuwa mbele ya karani wa namba za magari.

"Namba ya kujichagulia ina masharti, mama," karani alisema. "Herufi zisizidi saba. Isiwe tusi, isifanane na namba za polisi wala za serikali. Kibao tunatengeneza sisi, hakipakwi rangi wala hakikunjwi."

"Nimekubali yote."

Karani akasoma fomu. "AMAHATU. Maana yake nini?"

"Ukilisoma hivyo, halina maana."

Karani akapekua orodha ya maneno yaliyokatazwa, hakuliona. Akagonga muhuri.

Jumatatu ya kwanza, shemeji aliinua macho kwenye kioo cha dereva akasoma: UTAHAMA. Akageuka. Nyuma yake gari la fundi, limeandikwa AMAHATU. Akarudi kwenye kioo: UTAHAMA. Jumanne hivyohivyo. Alhamisi alikosa kona akapanda ukingo wa barabara. Ijumaa alimburuta fundi hadi kwa karani.

"Huyu ananitukana kwa kibao cha serikali!"

Karani akatoka nje, akachuchumaa mbele ya gari na kioo kidogo alichoazima kwa mhudumu. Alipoinuka, midomo ilikuwa ikimcheza. Akafungua kitabu cha kanuni, akakohoa.

"Sheria inataka namba isomeke vizuri mita ishirini. Hii inasomeka."

"Inasomeka mara mbili!"

"Kuhusu kioo, bwana, sheria haikusema kitu. Na 'utahama' si tusi. Labda kama una sababu ya kuhama?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Shemeji akamgeukia fundi, sauti imemshuka. "Sasa shemeji, si ungeniambia tu?"

"Nimekwambia mara tisa. Ukasema hukusikia. Nikaona niandike."

Jumamosi shemeji akapakia godoro, pasi na viatu jozi sita. Fundi alimfungia chakula cha njiani, maana hakuwa na chuki naye hata kidogo. Mume akasimama getini, kaduwaa.

"Kimemkuta nini ndugu yangu?"

"Amesoma," alisema mkewe, akaenda kuegesha gari lake mahali pazuri.