Mkanda wa Mama Oliva

Siku Mama Oliva alipoingia jimu kwangu kwa mara ya kwanza, vijana wawili waliokuwa kwenye benchi waliacha kunyanyua vyuma wakabaki kumtazama. Alikuwa amevaa suruali ya mazoezi chini ya gauni, kichwani kilemba, na mkononi ndoo ya plastiki aliyotoka nayo kazini. Jimu yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, hapa Newala mjini. Wanawake hupita mlangoni na unga wao. Kabla yake hakuna aliyewahi kuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Muharami?"

"Ndiye mimi."

"Nataka unifundishe kunyanyua."

Jina lake ni Dominika, ingawa mji mzima unamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni mpishi wa shule ya bweni. Kwa miaka kumi na tisa ameinua masufuria ya maharage kutoka mekoni, hadi mwaka jana kiuno kilipombana palepale jikoni na walimu wakamtoa wamembeba. Daktari alimwambia mfupa ni mzima, misuli ndiyo imelegea, apumzike kisha aijenge. Ndugu zake walisikia neno la kupumzika tu. Yeye alisikia yote mawili.

Nilimwanzishia chuma kitupu, bila vizito. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, kilo tisini na mbili, na tumbo kubwa lililobaki baada ya uzazi wa nne. Nilidhani atachoka ndani ya wiki mbili. Mwezi wa tano akawa ananyanyua kilo themanini kutoka sakafuni, mgongo umenyooka. Hapo ndipo nilipompa mkanda.

Ulikuwa mkanda wa jimu wa kushikilia mgongo, ngozi ngumu yenye upana wa kiganja kizima. Nilimwambia avute tumbo ndani, nikamfunga mwenyewe kwenye tundu la mwisho, kwa nguvu, kama ninavyojifunga mimi. Alipoinama, ukingo wa juu ulimgonga mbavu na wa chini ukambana nyama. Hakukifikia chuma. Aliinuka anahema, na tulipoufungua mkanda alikuwa na mistari miwili myekundu kiunoni.

Nikasema neno ninalolijutia mpaka leo. "Mama, tupunguze tumbo kwanza. Mkanda utafuata."

Hakukasirika. Alijifuta jasho, akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyerudisha sahani chafu. "Tumbo hili hata kesho nitakuwa nalo, mwanangu. Na kesho kuna maharage ya kuinua. Niazime huu mkanda nikaujue."

Alikaa nao siku tatu. Aliporudi alinisimamisha katikati ya chumba, mbele ya vijana wote, akaanza kunionyesha. Alikuwa ameujaribu nyumbani mbele ya kioo, akiinua ndoo ya maji, mara juu, mara chini, mara umekaza, mara umelegea. Sasa aliuweka juu ya kitovu, karibu na mbavu, pale tumbo lake linapokuwa dogo kidogo, na upande wa mbele akauinua ukae mshazari. Hakuvuta tumbo ndani. Aliacha nafasi ya kupitisha vidole bapa, akavuta pumzi mpaka chini kabisa, akaifunga.

"Weka mkono hapa ubavuni," akaniambia.

Nikaweka. Palikuwa pagumu kama tairi lililojazwa upepo, mbele, pembeni, mpaka nyuma kwenye uti wa mgongo.

"Wewe ulinifunga kama gunia," akasema. "Mkanda si wa kulificha tumbo. Ni wa tumbo kupata mahali pa kusukuma."

Nilikuwa na miaka minane ninavaa mkanda ule. Kwa tumbo langu bapa sikuwahi kulazimika kuuelewa.

Bado upana ulimsumbua akiinama. Basi Jumamosi moja alikwenda Ndanda kwa Petro, fundi wa viatu anayeshona pia mikoba ya ngozi, akamtaka mkanda mrefu wenye upana wa vidole vinne. Petro akamuuliza kiuno cha mzee ni inchi ngapi.

"Mzee yupi? Pima hapa," akajibu, akainua mikono.

Petro alipima mara mbili, na mkanda alioutoa ni mzuri kuliko wowote niliowahi kuushika. Kingo zake aliziviringa zisikate nyama, na matundu akayapanga karibukaribu, ili siku ya kushiba na siku ya njaa kila moja ipate tundu lake.

Mwezi wa nane tukateremka Masasi kwenye mashindano ya jimu za wilaya zetu, katika ukumbi uliojaa watu mpaka madirishani. Wanawake walikuwa sita. Mama Oliva alipopanda jukwaani, mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba huyu mama amekuja na mzigo wake tayari. Watu wakacheka. Mimi nilipandwa na hasira, na kwa hasira hiyohiyo nikamfuata jukwaani nikamkaza mkanda tundu moja zaidi.

Kilo mia na kumi. Alivuta. Chuma hakikuachana na sakafu.

Alinifuata pembeni, uso umemwiva. "Umeukaza?"

"Nimeukaza, mama. Nisamehe."

"Pumzi haikupata pa kwenda. Kaa pale. Nitafunga mwenyewe."

Alirudi peke yake kwa jaribio la pili kati ya matatu. Akaulegeza mkanda, akaupandisha, akapitisha vidole, akavuta pumzi. Ukumbi ulikuwa bado una kelele za vicheko. Chuma kilipanda polepole, kikapita magoti, kikafika mapajani, naye akasimama wima nacho, ameinua kidevu, mpaka mwamuzi akatoa ishara. Kufikia hapo walikuwa wameshasahau kucheka. Walipiga makofi kwa muda mrefu hata mshereheshaji akashindwa kutaja jina la anayefuata.

Stamili, binti wa Masasi, mwembamba na mwenye nguvu za ajabu, alinyanyua mia na kumi na tano. Mama Oliva akaomba mia na kumi na saba. Alikifikisha magotini. Mimi nilipiga kelele avute, avute! Yeye akakishusha taratibu, hakukiangusha.

"Mbona umeacha?" nikamuuliza.

"Mgongo ulianza kukunjika. Nimeuhisi."

Wengi ninaowajua, nikiwemo mimi, tungevuta tu, na watu wanatazama vile. Alitangazwa mshindi wa pili. Kabla hajavua mkanda Stamili alimjia, akampa shikamoo, akamwomba amwonyeshe anavyovuta pumzi. Wakasimama kwenye kona ya ukumbi, yule binti ameweka mkono ubavuni kwa mama, wote wawili wamevimbisha mashavu.

Siku hizi Jumanne jioni jimu ni yake. Wanakuja kina mama saba, na Fakihi muuza nyama, ambaye tumbo lake linamtangulia mlangoni. Juzi nilimwona Fakihi anabana tumbo ili mkanda ufike, Mama Oliva akampiga mkono kidogo.

"Liachie, baba. Lijaze. Haya, pumzi."

Fakihi akaliachia. Mimi nilikuwa nimeshika chaki ya kupaka viganjani, nasubiri kuambiwa la kufanya.