Mashimo ya Alhamisi

Alhamisi saa moja asubuhi, Konstebo Adyero alipanda boda ya Siraje akakaa kiupande, kama wanavyokaa wanawake wa Kampala waliovaa sketi. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Miguu imevimba, viatu havifungiki, na kabla ya kutoka Kamwokya alikuwa ameshaomba choo kwa muuza chapati mara mbili. Alikuwa anakwenda kliniki ya wajawazito, upande wa Mulago. Mimba yake ya kwanza iliharibika kwenye njia hiyo hiyo, pikipiki ilipotumbukia shimoni. Hii ya sasa alitaka kuifikisha.

Walipolikaribia shimo la kwanza, lilijifunga. Lami ilisogea taratibu, ikakaa sawa, Siraje akapita. Nyuma yao likafunguka tena. Gari lililofuata likatumbukia na dereva akatukana.

"Nyabo, hii barabara iko mzuri leo," alisema Siraje, akimwita mama kwa Kiganda.

"Angalia mbele," alisema Adyero.

Ikawa hivyo kila Alhamisi. Wajawazito wa mtaani walipopata habari walianza kumfuata na boda zao, wamebanana nyuma yake, maana lami haikusubiri sana. Walifika kumi na mmoja, wote wamekaa kiupande, matumbo mbele. Adyero alijivuna, na hakuona sababu ya kuficha.

Mkuu wa kituo alimuuliza kama angeweza kuipitia barabara hiyo na Jumatatu, kwa kuwa siku hiyo angekuja mgeni mkubwa.

"Si mimi, afande, ni mtoto," alisema Adyero. "Na Jumatatu hana kliniki."

Wiki iliyofuata akaja injinia Bonny kukagua kazi ya mkandarasi aliyelipwa kuziba mashimo. Mkandarasi alikuwa amemwaga kokoto kidogo na kupotea. Injinia alikuwa na haraka, kwa hiyo alikagua akiwa ndani ya gari, akizifuata kwa karibu boda za wajawazito. Chai yake haikumwagika hata tone. Mwishoni aliandika kwamba barabara imekamilika, akapiga muhuri.

Adyero aligonga kioo cha gari. "Ni kwa sababu yetu, injinia. Subiri tuondoke, halafu uangalie."

"Madamu, mimi naandika ile naona."

Mtoto alizaliwa Agosti, msichana, kilo nne kasorobo, mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Adyero alimwita Ayoo, jina ambalo Waacholi humpa msichana aliyezaliwa njiani. Huyu alizaliwa kitandani, lakini bibi yake hakubisha.

Waliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya Alhamisi. Mashimo hayakujifunga. Yalikaa wazi, yamejaa maji ya mvua, na katikati yake zilisimama boda za wajawazito waliokuwa wakielekea kliniki. Kwenye kona palikuwa na bango jipya lililotangaza kwamba barabara imekarabatiwa.

"Nizunguke kule juu?" aliuliza Siraje.

"Simama hapa hapa."

Adyero alishuka, mshono ukimuuma. Alimpakata Ayoo kwa mkono wa kushoto, akasimama katikati ya barabara, akainua wa kulia. Magari yalisimama pande zote mbili. Wajawazito wakashuka, wakashika viuno, wakaanza kuyazunguka mashimo kwa miguu, mmoja mmoja. Madereva walipiga honi. Adyero hakuushusha mkono mpaka wa mwisho alipopita.