Mvua Iliyosingiziwa

Waswa alipata kazi kwa sababu ya sauti yake. Shirika la ndege la Mbayuwayu lilipofungua kaunta katika uwanja wa Kisumu, lilitaka mtu wa kukagua tiketi, kupima mizigo na kushika kipaza sauti. Waswa, mwana wa Bungoma aliyehamia mtaa wa Mamboleo na kuongoza kwaya ya kanisa huko, alipewa sentensi mbili tu asome, na meneja wa kituo, Bwana Joram, akapiga meza kwa furaha. "Huyu," akasema, "hata akitangaza msiba, watu watashukuru."

Kwa miaka minne sauti hiyo ilitangaza mambo ya kawaida. Kisha ikaja Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba.

Ndege ya saa moja na nusu asubuhi ilikuwa imelala Kisumu. Fundi alipoikagua alfajiri alikuta mafuta ya breki yanavuja kwenye gurudumu la kushoto. Kipuri hakikuwepo, kilipaswa kuletwa kutoka Nairobi na ndege itakayofika mchana. Abiria arobaini na watatu walikuwa wameshaketi ukumbini, na Bwana Joram akamsogelea Waswa na kumnong'oneza, "Tangaza hali mbaya ya hewa."

Waswa akatazama dirishani. Jua lilikuwa limetoka juu ya ziwa, na hakukuwa na wingu hata la kufunikia kiganja.

"Hali mbaya ya hewa, mzee?"

"Ukisema breki, watadai. Ukisema hewa, watamlaumu nani? Hewa haina wakili, bwana. Tangaza."

Waswa akatangaza. Alitumia sauti ile ile nzuri, na baadhi ya abiria wakaitikia kwa vichwa kabla ya kugeuka kutazama nje na kukunja nyuso. Saa moja baadaye ndege ya shirika jingine iliruka mbele ya macho yao bila wasiwasi wowote. Wao waliondoka saa nane mchana.

Miongoni mwao alikuwa Mama Ajwang, mkaushaji na muuzaji wa omena, dagaa wa ziwani, kutoka Asembo Bay. Hakuwa amepanda ndege maishani. Wanawe walichanga wakamkatia tiketi ili awahi mahafali ya mjukuu wake Elsie, aliyekuwa amemaliza masomo ya uuguzi Nairobi. Alifika uwanjani saa kumi na moja alfajiri akiwa amevaa gauni la zambarau na kofia ya harusi. Alipofika Nairobi hatimaye, hotuba zilikuwa zimekwisha, hema zilikuwa zinashushwa, na Elsie alikuwa amesharudisha joho la kukodi. Walipiga picha mbele ya geti lililofungwa, Elsie akiwa na sweta.

Alhamisi iliyofuata, Waswa aliinua macho akaona kofia ile mbele ya kaunta.

"Habari yako, nyathina," mama yule akasema, maana yake mwanangu. "Mimi nimeleta omena sokoni Jubilee, nikasema nipite. Nataka nauli yangu."

Akafungua mkoba akatoa karatasi ya tiketi iliyokunjwa vizuri. Mama Ajwang alikuwa katibu wa chama cha kina mama wa ufuo wao, na mazoea ya ukatibu yalimfanya asome kila karatasi hadi nukta ya mwisho. Katika zile saa sita na nusu za kungoja, hakuwa na kitu kingine cha kusoma. Alikuwa amepiga mstari kwa kalamu chini ya sharti la kumi na nne, lililoandikwa kwa herufi kama mayai ya chawa: ndege ikichelewa zaidi ya saa tano kwa sababu iliyo mikononi mwa shirika, abiria atarudishiwa nauli yake yote.

Waswa hakuwahi kulisoma sharti hilo. Akampa fomu ya malalamiko, akamsaidia kuijaza, akaituma ofisi kuu. Mwisho wa fomu kulikuwa na kisanduku kilichoitwa "Maelezo ya Kituo", cha kujazwa na karani. Bwana Joram alikuwa amemwagiza siku ya kwanza kazini kwamba kisanduku kile huachwa kitupu, na Waswa akakiacha kitupu.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Mama Ajwang alilisoma amesimama, akalisoma tena ameketi.

"Wanasema mvua kubwa na radi. Hapa Kisumu. Hiyo mvua ilinyesha wapi?"

"Ndivyo walivyoandika, Mama."

"Nyathina, mimi nimekausha omena miaka arobaini. Nikikosea kusoma mbingu, samaki wananiozea na watoto wanalala njaa. Mimi sigombani na mbingu, tunafanya kazi pamoja. Leo watu wa Nairobi wanaisingizia mbele yangu?"

Akatoa simu. Mkaza mwanawe, Akello, alimtumia picha asubuhi ile ile ya Ijumaa kumwonyesha kwamba kazi inaendelea vizuri: nyavu zimetandazwa ufuoni, omena wanang'aa kama sarafu mpya, na kivuli cha Akello mwenyewe kimelala mchangani, cheusi kama masizi. Saa ilionekana juu ya picha: tatu na dakika kumi. Waswa akaituma Nairobi pamoja na barua ya pili.

Safari hii walijibu haraka. Asembo Bay, walisema, iko mbali na uwanja wa ndege, na mvua za ziwani hunyesha upande mmoja zikaacha mwingine.

"Hapo wamesema kweli," Mama Ajwang akakiri, kwa maana hakuwa mtu wa kukataa ukweli hata ukitoka kwa adui. Akamimina chai kutoka kwenye chupa yake, akampa Waswa kikombe. Ilikuwa Alhamisi ya tano sasa, na chai ile ilishakuwa desturi. Waswa alijikuta anaingojea. Alishajua majina ya wajukuu wote wa mama huyo, naye mama alishajua kwamba Nasike, mke wa Waswa, ana cherehani mbili na wateja wasiolipa.

Kisha Mama Ajwang akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Wewe siku hiyo ulikuwa hapa. Ulilowa?"

Waswa akafungua mdomo. Akanywa chai, ikamchoma ulimi.

"Basi," mama akasema, akifunga chupa. "Kazi ni kazi. Nitakuja Alhamisi."

Jioni hiyo Waswa alimsimulia Nasike, ambaye alikuwa anakunja mashati ya shule. Nasike alisikiliza hadi mwisho, akauma uzi, akatema.

"Na aliyetangaza hiyo mvua ni nani?"

"Ni mimi. Lakini niliagizwa."

"Kwa hivyo huyo mama anapambana na wewe, na chai anakupa wewe."

"Wakinifukuza je?"

"Wakikufukuza utafunga vifungo vya mashati haya, mimi vimenichosha," Nasike akasema. Akamtupia shati moja, likamfunika kichwa, na wote wawili wakacheka. Lakini Waswa alipolala alikuwa amekata shauri.

Asubuhi alifungua fomu upya kwenye kompyuta. Katika kisanduku cha Maelezo ya Kituo akaandika: "Siku hiyo anga lilikuwa safi kutwa nzima. Ndege ilichelewa kwa sababu mafuta ya breki ya gurudumu la kushoto yalivuja, na kipuri kilifika kutoka Nairobi saa sita mchana. Daftari la fundi linaonyesha hivyo. Tangazo la hali ya hewa lilitolewa na mimi, na halikuwa kweli." Akaweka jina lake. Akabonyeza kitufe upesi upesi, kama mtu anayeruka kwenye maji baridi, kisha akaenda kumwambia Bwana Joram mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine.

Bwana Joram hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Waswa," akasema, "nilikuajiri kwa ajili ya sauti, sio kwa ajili ya mwandiko." Kisha hakumsemesha kwa siku tatu, ila kwa karatasi ndogo alizombandikia kwenye kaunta.

Siku ya nne simu ya kaunta ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanamke kutoka ofisi kuu.

"Ninaongea na Waswa? Mimi ni Valarie, wa dawati la malalamiko."

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Wewe ndiye umeandika hapa kwenye Maelezo ya Kituo?"

"Ni mimi."

Halafu akasikia kitu ambacho hakukitarajia: Valarie alikuwa anacheka. "Bwana, nina miaka mitatu hapa. Hii ni mara ya kwanza naona kisanduku hiki kikiwa na maneno. Nilidhani huko vituoni hamjui kuandika! Mimi naona tu kompyuta imeandikwa 'hali ya hewa', nami najibu hali ya hewa. Unadhani mimi nitajuaje kama Kisumu kuna jua? Nipigie picha ukurasa wa fundi, unitumie leo."

Waswa alikimbia hadi kwenye karakana bila kufunga kaunta. Fundi, ambaye hakuwa ameulizwa na mtu yeyote, alifungua daftari kwa fahari. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, saa zote zilikuwepo, hata jina la rubani aliyekileta kipuri.

Barua tatu zilifika wiki iliyofuata. Ya kwanza ilikuwa ya Waswa: onyo la maandishi, kwa kuwatangazia abiria jambo lisilo kweli. Bwana Joram alipata ya kwake, ndefu zaidi. Waliketi ofisini, kila mmoja na onyo lake, wakasomeana. Walipofika mahali palipoandikwa "meneja ajiepushe na utabiri wa hali ya hewa", Bwana Joram alishindwa kujizuia. Tumbo likaanza kutikisika, kisha mabega, na mwishowe machozi yakamtoka kwa kicheko. "Haya," akasema akijipangusa. "Kuanzia leo breki ni breki."

Ya tatu ilikuwa ya Mama Ajwang. Alhamisi ilipofika, Waswa alimkabidhi kwa mikono miwili. Mama akavaa miwani, akasoma polepole, midomo ikitembea. Nauli yake yote ingetumwa kwenye simu yake kabla ya jioni. Lakini hakuishia hapo. Alirudi aya ya pili na kuisoma kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia: "Tumethibitisha kwamba siku hiyo mvua haikunyesha katika uwanja wa ndege wa Kisumu. Tunaomba radhi."

"Haikunyesha!" akasema. Akampa mkono mlinzi wa mlangoni. Akampa mkono mtu wa kusafisha sakafu. Alipomfikia Waswa hakumpa mkono. Alimkumbatia juu ya kaunta, kofia ikaanguka upande wa mizani na kupimwa robo kilo. "Ero kamano, nyathina. Asante sana. Niliulizwa na watu wa ufuo kila siku, hiyo pesa ni ngapi hata unapoteza Alhamisi zako? Nikawaambia siendei pesa tu."

Maneno yakaenea. Wiki iliyofuata walikuja abiria wengine wa ndege ile: mwalimu wa Awasi, wafanyabiashara wawili wa nguo, kasisi aliyechelewa kufungisha ndoa na akakuta bwana harusi amelala. Waswa aliwajazia fomu mmoja baada ya mwingine, na kisanduku cha mwisho alikijaza kwanza. Bwana Joram aliwapangia foleni mwenyewe, tena kwa bashasha, kana kwamba shauri lile lilitoka kwake.

Nauli iliporudi, Mama Ajwang aliitumia kwa mambo mawili. Alikodi joho kwa siku tatu, na akamtumia Elsie nauli ya basi. Jumamosi ya pili ya Januari, Waswa na Nasike walialikwa Asembo Bay, na huko wakamkuta Elsie akitembea ufuoni na joho jeusi na kofia bapa, kina mama wote wa chama wakimfuata kwa nyimbo na vigelegele, wavuvi wakisimama kwenye mitumbwi yao kupunga makasia. Palikuwa na samaki aina ya mbuta wa kukaanga, ugali wa wimbi na hotuba nne. Mama Ajwang alisoma muhtasari wa kesi nzima, kama katibu, na ukapitishwa kwa kupigiwa makofi.

Baada ya chakula Elsie alivua joho, akatoa mashine ya kupimia presha mkobani, na kina mama wakajipanga kwenye benchi huku wakisukumana kama watoto. Waswa naye akavutwa mkono, akakunjiwa mkono wa shati hadi kwapani. Elsie akabana, akasikiliza, akakunja uso.

"Iko juu kidogo, kaka. Punguza chumvi."

"Chumvi gani?" Mama Ajwang akadakia kutoka jikoni, akimletea kipande kingine cha mbuta. "Hiyo presha ni ya ofisini. Mwache ale, mpime tena saa kumi."