Pampu Iliyokataa Oili

Jumatatu saa tatu asubuhi Elipidius alifika Nkwenda kwa bodaboda, pampu ya maji imefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli. Fundi Fidele aliivuta kamba ya kuwashia. Haikutoka hata kidogo. Akaweka mguu juu ya injini, akavuta tena, ikagoma.

"Imekamata," alisema. "Imekaa muda gani?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu tu, mzee? Ililala wapi, ziwani?"

Elipidius alijibu kwamba ililala stoo kwake, kwa sababu yeye ndiye mtunza vifaa wa kikundi cha kitalu cha kahawa huko Nyakatuntu, na ni mzee wa kanisa pia. Hilo la pili hakuulizwa.

Fidele alichanganya dizeli na mafuta ya breki, kama afanyavyo kwa kila kitu kilichoshikwa na kutu, akanyunyizia nati zote na kuziacha zilowe. Ukilazimisha, alisema, unavunja. Jumanne aligongagonga kwa nyundo juu ya kipande cha ubao, kisha akazipasha moto nati nne za mfuniko, zikalegea moja baada ya nyingine. Ndani, feni ya kusukuma maji ilikuwa imegandana na ukuta wake kwa kitu cheusi kinachong'aa. Akakimiminia mchanganyiko wake. Jumatano Elipidius aliporudi, oili ilikuwa bado imetuama juu ya kile kitu. Fidele alikikwangua kwa kucha, akakinusa, akakilamba.

Akamwomba mkewe birika la maji ya moto. Aliyamimina polepole, na feni ikazunguka kwa kidole kimoja.

"Oili hailegezi sukari," alisema akifuta mikono. Hakumtazama Elipidius usoni. Elipidius alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo, kisha akaona aibu kwa kushukuru.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi uliopita Elipidius alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake, Prudensia, aliyekuwa anaolewa. Rubisi, pombe ya ndizi bila ambayo hakuna sherehe Nyakatuntu, ilikuwa imechachia kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi, chini kabisa shambani, na nyumba yake iko juu. Kupandisha lita mia mbili kichwani ni kazi ya kuomba watu, na pampu ya kikundi ilikuwa stoo. Alitandaza mpira wa pampu kwenye migomba, akavuta kamba, na kabla chai haijapoa rubisi yote ilikuwa kwenye mapipa. Wageni walimtania kwamba ameunguza mtama wa kuchachushia, maana ilikuwa na ladha ya moshi, lakini hawakubakiza. Pampu aliirudisha stoo bila kuisuuza. Siku chache baadaye ikawa zamu ya Joviana, mjane anayeishi upande wa pili wa bonde, na pampu ikamfia mkononi.

Kanuni ya kikundi ni fupi: kifaa kikikufia mkononi, huna zamu hadi mwaka uishe. Elipidius alikuwepo kwenye kikao. Aliinua mkono pamoja na wenzake. Tangu siku hiyo Joviana alikuwa akimwagilia miche yake mia tatu kwa ndoo, akishuka na kupanda, na kiangazi hakikumhurumia. Miche zaidi ya mia ilikuwa imekwisha kukauka. Mibuni yake ya zamani alishaing'oa kwa kutegemea hiyo miche, kwa hiyo mvua za Septemba zingemkuta na shamba tupu.

Elipidius alikuwa na mpango. Pampu ikipona, angeomba Joviana arudishiwe zamu, bila kueleza zaidi. Alijua ni mpango wa mwoga.

Alhamisi wanakikundi kumi na saba walikusanyika bondeni. Walimsifu kwa kujitolea kwenda kwa fundi peke yake, na kila sifa ilimbana kama kola ya shati la mtu mwingine. Mwenyekiti, Benadeta, akavuta kamba. Pampu ikanguruma, ikavuta maji ya kijito, na mpira ukatoa rubisi.

Ilikuwa ya kahawia, yenye povu. Kokuhirwa, katibu, aliikinga kwa kikombe, akaonja, akampa aliyemfuata. Ilikuwa na ladha ya mtama ulioungua. Kikombe kilizunguka hadi kwa Elipidius, naye akanywa. Ilipotimia lita mia mbili, pampu ilikohoa, ikaanza kutoa maji.

Elipidius akavua kofia. "Pampu niliiua mimi. Niliipitishia rubisi ya sendofu. Joviana hana kosa."

"Tunajua, mzee," alisema Benadeta. "Tuliuona mpira kwenye migomba."

"Mlijua, na mkainua mikono?"

"Tulikuwa tumekunywa," alisema Kokuhirwa.

Watu walitazama chini. Elipidius aliiona aibu yake ikigawanywa kwa watu kumi na saba, kila mmoja akichukua sehemu yake bila shida. Yake haikupungua.

Benadeta alieleza kwamba muhtasari wa kikao umeshasainiwa, na kuufungua upya ni kuleta maneno. Kokuhirwa akaandika kwenye ratiba kwamba mwenye zamu aje na madumu kumi ya kukingia rubisi itakayotangulia, ndipo maji. Mtu mmoja aliuliza kama pampu inaweza kuazimwa kwa ubatizo wa Jumapili. Ilikubaliwa.

Joviana alishuka na ndoo yake. "Shikamoo, waitu," alimwamkia Elipidius, kwa neno la heshima la kwao.

"Marahaba." Akampa kikombe.

Joviana alionja. "Ni ile ya Prudensia."

"Ndiyo. Nimewaambia kwamba ni mimi."

"Nimesikia."

Alimrudishia kikombe kikiwa nusu, akachota maji kijitoni, akakunja ngata na kuangalia nani yuko karibu wa kumsaidia. Elipidius ndiye aliyekuwa karibu. Aliiinua ndoo kwa mikono miwili, akamtwika taratibu, asimmwagie.

"Asante," alisema Joviana, akaanza kupanda. Mpira wa pampu ulikuwa umelala ukikatiza njia, umejaa maji ya zamu ya mtu mwingine. Aliuruka kwa uangalifu, asiukanyage.