Vikaratasi vya Shemeji

Kila mwaka, shule zikifungwa, wanawake watatu walikodi nyumba ya mbao kando ya ziwa kwa wiki moja. Walibeba makasi, nyuzi, makopo ya rangi na magazeti ya zamani, wakaenda kufanya kazi ambayo hakuna aliyewatuma: kutengeneza picha za karatasi, vitambaa, waya na rangi, vyote juu ya ubao mmoja. Aliyeanzisha safari hizo alikuwa Mwalimu, aliyefundisha uchoraji sekondari. Mshonaji alileta mabaki ya vitambaa kutoka kwenye cherehani yake. Wa tatu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na wenzake walimwita Gundi, kwanza kwa sababu ya kucha zake, na pili kwa sababu, kama Mshonaji alivyopenda kusema, ukimpa kiti habanduki.

Sheria yao ilikuwa moja tu. Kilichowekwa kwenye meza kubwa ni cha wote.

Mwaka huo Mshonaji alikuwa na miezi saba ya ujane. Mumewe alikuwa amepasuliwa koo, na katika wiki zake za mwisho hakuweza kutoa sauti. Alichotaka kusema alikiandika. Wenzake hawakutarajia kumwona, lakini alifika na begi lake, mfuko wa vitambaa na kopo la biskuti. Siku ya kwanza alishona bila kusema mengi.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Mwalimu alimchukua wakanyooshe miguu. Gundi akabaki na ubao wake, uliokuwa umemshinda tangu asubuhi. Kila alichobandika kilikuwa kama kiraka. Akaenda kwenye meza kubwa kutafuta chochote cha kumwamsha, akafungua kopo la biskuti.

Ndani mlikuwa na vikaratasi: pembe za magazeti, bahasha zilizochanwa, migongo ya risiti. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyelala chali. *Funga dirisha. Si wewe, ni dawa tu. Mwambie kaka asiuze baiskeli.* Aliposoma cha tatu alishajua ni vya nani. Alisimama navyo mkononi kwa muda, kisha akajiambia kwamba cha mezani ni cha mezani.

Akapika gundi ya unga wa ngano, ile aliyofundishwa na baba yake. Kufika saa kumi, vikaratasi kumi na saba vilikuwa vimepangana ubaoni kama vigae, vimepakwa rangi nyeupe nyepesi, maneno yakichungulia hapa na pale. Alikuwa hajawahi kutengeneza picha nzuri kama ile. Alilijua hilo, na kwa nusu saa alikuwa na furaha kama mtoto.

Mwalimu ndiye aliyetangulia kuingia, akaisifu kabla hajaiangalia vizuri. Mshonaji alikuja nyuma yake. Alisogea, akaweka kidole kwenye kikaratasi kimoja.

"Hiki ni cha siku aliyokataa sindano," alisema.

Gundi akasikia mdomo wake ukisema kwamba alidhani ni karatasi tu, na kopo lilikuwa mezani. Mshonaji akajibu kwa utulivu kwamba aliliweka hapo kwa sababu kitanda kilijaa vitambaa. Jioni, alisema, alikuwa na nia ya kuwauliza mtu aanzeje picha ya vikaratasi kama hivyo. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Mwalimu akamgeukia Gundi, akamuuliza kama alivisoma. Gundi akasema hapana.

Chakula cha jioni walikula wawili. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Mwalimu hakumwambia. Mwishowe Gundi akainuka, akagonga mlango wa chumbani.

"Dada, nimekudanganya," alisema. "Nilisoma vitatu. Nikajua ni vya shemeji, na bado nikaendelea."

Mshonaji alikuwa amekaa kitandani kati ya vitambaa vyake.

"Mimi mwenyewe sijavisoma vyote," alisema. "Vingine aliandika wakati mimi sipo, manesi wakaniwekea. Nilikuwa nafungua kimoja kimoja, ili visiishe."

Asubuhi Mshonaji alipanda basi la kwanza.

Gundi alikaa na ule ubao kwenye karakana yake majuma mawili, kazi za watu zikisubiri. Aliulowesha kwa kitambaa cha maji vuguvugu, akaosha rangi kidogo kidogo, akainua kila kikaratasi kwa kisu butu. Vilivyoandikwa kwa kalamu ya kawaida vilisalimika. Vile vya kalamu ya wino wa maji vilichuruzika machoni pake. Kumi na vitano vilitoka, vingine vimechakaa. Viwili vilipotea kabisa.

Alivipeleka mwenyewe, vimekaushwa na kutenganishwa kwa karatasi laini. Mshonaji alivipokea mlangoni, asimkaribishe ndani. Gundi akamweleza kwamba katika kuvibandua alilazimika kuviona, na kwamba viwili havipo.

"Vilisemaje?"

"Kimoja kilisema, kesho njoo na redio. Kingine kilifutika kabla sijakisoma."

Mshonaji akatikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo hicho hakijasomwa na mtu."

Akamshukuru kwa kuleta, kwa adabu ile anayompa mteja, akafunga mlango.

Mwaka uliofuata Mwalimu alikodi tena nyumba. Gundi alimpigia kusema kwamba hatakwenda, ili Mshonaji aweze kwenda kwa raha. Mwalimu akamwambia kwamba Mshonaji naye alikuwa amepiga juzi, akasema maneno hayohayo. Mwalimu alikwenda peke yake. Alikaa siku mbili, akarudi.