Kifungu cha Ng'ombe

Bhagmal Negi alikaa bungeni vipindi vinne bila kumpa mkono mtu wa upinzani, isipokuwa misibani. Kofia yake ya sufu ilikuwa na ukingo wa kijani, rangi ya chama chake, na huko milimani watu humtambua mtu kwa kofia kabla hawajaiona sura. Kwa hiyo siku Yangchen Bodh alipovuka ukumbi wa Bunge la jimbo na kusimama mbele yake na kofia yake yenye ukingo mwekundu, wenzake Bhagmal waliacha hata kunywa chai.

Yangchen alikuwa mbunge wa bonde la ng'ambo ya mlima. Kabla ya siasa alikuwa mkunga. Kwenye kampeni aliwahi kumwita Bhagmal "gogo lililoota uyoga", na watu wanacheka mpaka leo.

"Mzee Negi," alisema, "theluji ikianguka, njia inafungwa kwangu na kwako. Wajawazito wako na wangu wanafia kwenye njia moja. Nina mswada hapa, na peke yangu hauendi popote."

"Sasa mimi gogo nitakusaidia nini?"

"Gogo si ndilo hulazwa likawa daraja?" Yangchen alijibu, uso mkavu.

Bhagmal alitaka kumfukuza. Badala yake akazipokea karatasi.

Maneno yalikuwa machache. Kila wilaya ya milimani ijenge nyumba karibu na hospitali. Wajawazito washuke kabla njia haijafungwa, wakae humo bure wakisubiri siku yao. Jioni Bhagmal alimsomea mkewe, Sunehri, aliyekuwa akisokota sufu karibu na jiko. Mikono ya Sunehri ikasimama.

Walipokuwa bado vijana, Bhagmal alimbeba mkewe mgongoni kwenda hospitali ya ng'ambo ya mlima, uchungu ukiwa umemshika. Hawakufika. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa chini ya jabali, theluji ikianguka, na hakulia. Baadaye walipata mabinti wawili, lakini habari ya yule wa kwanza hawakuizungumza tena.

"Soma tena hapo penye moto," Sunehri alisema.

"Kila chumba kiwe na jiko la kupasha joto."

"Huyo mwanamke wa kofia nyekundu, ana watoto?"

"Nitajuaje?"

"Muulize. Na umwalike aje kula."

Yangchen hakuwa na watoto. Alikuja, akala, akaomba aongezewe. Wiki iliyofuata yeye na Bhagmal walipanda gari moja kwenda kijiji cha Thangmo kuwasikiliza wanawake wenyewe, na madereva wao wawili walibishana njia nzima nani aendeshe.

Wanawake walikusanyika uani, wakibangua jozi, kokwa ngumu za miti ya hapo. Yangchen aliwaeleza habari ya nyumba kwa moyo wake wote. Alipomaliza, zikasikika jozi tu zikivunjika.

"Mheshimiwa," alisema Palmo, mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni, "nyumba ni nzuri. Ng'ombe wangu atakamuliwa na nani? Na wewe?"

"Mumeo yupo."

"Mume wangu! Ng'ombe akimwona tu, ndoo inapigwa teke."

Ua mzima ukaangua kicheko. Bibi mmoja akadakia, "Mimi nilishuka huko mara moja. Nikapewa dengu kama maji ya kuoshea vyombo. Nilirudi kwa miguu, tumbo hili hapa!"

"Nani atabaki na watoto wangu wengine?" mwingine akauliza. "Halafu nikalale peke yangu, katikati ya watu nisiowajua? Bora nizalie kwangu."

Wakati wa kurudi Yangchen alitazama dirishani tu. Mswada ule alikuwa ameulea miaka, na Palmo alikuwa ameukataa kwa sentensi moja.

"Basi tumwandike ng'ombe," Bhagmal alisema.

"Ndani ya sheria? Watatucheka."

"Mimi nimechekwa kwa ajili ya uyoga. Mbona niko hai?"

Yangchen akacheka mpaka akajifuta machozi. Hapo, madereva wakiwa mbele, Bhagmal alimsimulia habari ya jabali na theluji. Hakujua kwa nini. Yangchen alimshika mkono wa koti, akaushikilia mpaka walipofika bondeni.

Wakaandika upya. Mjamzito aje na mama yake au yeyote amtakaye, pamoja na watoto wadogo. Pawe na jiko wapike wenyewe. Na halmashauri ya kijiji imlipe jirani wa kutunza mifugo mpaka mama arudi.

Kisha mnadhimu wa chama tawala, msimamizi wa kura za wabunge wake, akamwita Bhagmal pembeni. Serikali ilikuwa tayari kuupitisha mswada, kwa sharti moja: jina la Bodh lisiwemo, na asiusemee bungeni. Uchaguzi ulikuwa unakaribia.

Bhagmal alimpelekea Yangchen habari hiyo huku akitazama viatu vyake.

"Uchukue," Yangchen alisema.

"Mdogo wangu, huu ni wako."

"Nimewapokea watoto wengi wakizaliwa, kaka mkubwa, na wote wamekwenda na mama zao. Chukua, theluji haisubiri."

Siku ya mswada Sunehri alikaa jukwaa la wageni. Bhagmal alisoma kifungu kimoja kimoja. Alipofika kwenye mifugo, kicheko kikalipuka pande zote mbili, na mbunge mmoja akalia kama ndama. Bhagmal aliwasubiri wamalize, kisha akavua kofia yake.

"Mheshimiwa Spika, mwanangu wa kwanza alizaliwa chini ya jabali. Mama yake amekaa pale juu." Akaielekeza kofia kule kwenye jukwaa. "Mimi nimeusoma tu mswada huu. Aliyeuandika yuko upande ule. Naomba muda wangu uliobaki apewe Mheshimiwa Bodh."

Mnadhimu akamvuta koti. Bhagmal hakukaa. Spika alipekua kanuni, akamtazama Bhagmal, akamtazama Sunehri kule juu, akakubali.

Yangchen, ambaye hakuwahi kupungukiwa maneno, alisimama, akavua kofia yake pia.

"Naunga mkono," akasema tu, akaketi.

Wa kwanza kugonga meza alikuwa yule aliyelia kama ndama. Spika alipowauliza wasioafiki, hakusikika mtu.

Chama hakikumteua tena Bhagmal, naye hakushangaa. Nyumba ya kwanza ilifunguliwa yeye akiwa raia wa kawaida, na majani ya miti yalipoanza kuanguka Palmo alishuka na mimba ya pili, mama yake, mtoto wake na gunia la jozi. Alijifungua binti wiki ambayo njia ya Thangmo ilifungwa. Yangchen, mbunge bado, ndiye aliyempokea mtoto, mikono ya blauzi imekunjwa.

Sunehri alifika kuwatazama. Aliomba kumpakata mtoto, akapewa, akaketi naye karibu na jiko. Kitoto kikalia kwa nguvu zote, kisha kikalala. Sunehri hakukirudisha.

"Twende, mama," Bhagmal alimwita kutoka mlangoni, mabega yake meupe kwa theluji. "Njia itateleza."

"Tangulia."

Bhagmal alikung'uta theluji, akavua viatu, akaenda kuketi kando yake.